TEMBEA UONE: Siku Ambayo Mama Hakupika

Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulitimiza miaka 30 ya ndoa. Watoto wetu walio mjini walitutumia fedha kidogo. Walisema, "Nunueni mbuzi, mchinje, mfurahi na majirani." Nikaenda kuuliza bei ya mbuzi. Niliporudi, mke wangu akaniuliza swali.

"Baba, huyo mbuzi atapikwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Mimi huchinja, lakini yeye ndiye hupika. Siku ya sherehe huamka saa 10 usiku. Huteka maji, huchanja kuni, huosha vyombo. Wageni wakila na kucheka, yeye yuko jikoni machoni pana moshi.

"Nimepika miaka 30," akasema. "Mwaka huu nataka siku moja tu nisipike. Unipeleke mbugani."

Kijiji chetu kiko mlimani, upande wa Kisiwani, Wilaya ya Same. Ukisimama uani unaiona mbuga ya Mkomazi chini, imetandaa hadi mpakani mwa Kenya. Tumeitazama kila siku. Hatukuwahi kuingia hata mara moja.

Mimi nilikataa. Mwaka juzi tembo walikula mahindi yetu usiku mmoja, tukabaki na mabua. Nikamwambia, "Mama, tembo wamekula chakula chetu. Sasa tuwafuate kwao, tena tulipe kiingilio?"

Akajibu, "Wao wameshaona kwetu. Na sisi tukaone kwao."

Nikashindwa. Mbuzi akasalimika.

KIJIKO CHA MAJI

Tulipanda basi alfajiri kwenda Same mjini. Hapo tulichangia gari na walimu wanne waliokuwa wakienda mbugani. Lango la Zange haliko mbali na mji. Saa 2 asubuhi tulikuwa langoni. Tulilipa, tukapewa askari wa hifadhi wa kutuongoza.

Askari alituuliza, "Nani anajua maana ya jina Mkomazi?" Mke wangu akajibu haraka. Wazee wa Kipare husema "mko" ni kijiko kidogo cha mti, na "mazi" ni maji. Kwa hiyo Mkomazi ni mahali ambapo maji ni ya kijiko tu. Askari alimpongeza, naye akakaa vizuri kwenye kiti kama mwalimu wa tano.

Jina hilo ni la kweli. Mkomazi ni nchi kavu. Ina eneo la kilomita za mraba 3,245. Ng'ambo ya mpaka ni hifadhi ya Tsavo ya Kenya. Tembo hawajui mpaka. Huvuka huku na huko wakifuata maji na majani.

Tuliona twiga, pundamilia, kongoni na nyati. Tulimwona choroa mwenye pembe ndefu zilizonyooka. Tulimwona swala twiga, mwenye shingo nyembamba. Mnyama huyu husimama kwa miguu miwili ya nyuma ili afikie majani ya juu. Yeye huishi katika nchi kavu, na katika Tanzania hapatikani mahali pengi.

Kisha gari lilisimama juu ya kilima kidogo. Mke wangu akageuka nyuma. Akauliza, "Baba, ile ni milima gani?"

Nikatazama. Ilikuwa milima yetu ya Upare, imesimama yote na mawingu juu yake.

"Ile ni kwetu," nikamwambia.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Sikujua kama kwetu ni kuzuri hivi."

Miaka 30 tulikuwa tunatazama mbuga kutoka mlimani. Siku hiyo tulitazama mlima kutoka mbugani. Nami niliona jambo jingine. Niliona jinsi mlima ule ulivyo mkali. Mke wangu huupanda na mzigo wa kuni. Nilikuwa najua, lakini sikuwa nimeuona.

FARU WALIOKWISHA WAKARUDI

Baada ya hapo tulipelekwa katika eneo la faru. Limezungushiwa uzio na lina ulinzi mkali. Njiani askari alitueleza habari yake.

Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951. Katika miaka ya 1960 faru weusi walikuwa wengi, zaidi ya 100. Majangili waliwaua kwa ajili ya pembe. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 hakubaki hata mmoja. Tembo nao walikuwa wamebaki wachache sana.

Pembe ya faru si dawa. Ni kitu cha namna moja na kucha zetu. Mtu akitaka dawa hiyo, na atafune kucha zake mwenyewe. Walimu walicheka sana.

Mwaka 1988 serikali iliondoa wafugaji na mifugo yao ndani ya pori. Jambo hilo liliwaumiza watu wengi. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na shauri likafika Mahakama ya Rufani. Hawakurudishwa mbugani. Tukifurahia wanyama, tusisahau kuwa kuna watu waliolipa kwa malisho yao.

Mwaka 1989 alikuja Mwingereza aitwaye Tony Fitzjohn. Yeye na wenzake walishirikiana na serikali kutengeneza barabara, kujenga uzio na kulinda pori. Mwaka 1997 waliletwa faru wanne kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Mwaka 2001 waliletwa wengine wanne. Baadaye walikuja wengine kutoka Ucheki na Uingereza. Wakazaa hapa. Katika miaka ya 2000 pori likapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa, chini ya TANAPA. Fitzjohn alifariki mwaka 2022.

Mke wangu akauliza, "Faru huzaa watoto wangapi?"

"Mmoja tu, mama. Na mimba yake huchukua miezi 15."

"Miezi 15!" Mke wangu akatikisa kichwa. "Basi msiwaachie majangili. Huyo mama ana kazi."

Tulisubiri kimya. Kisha faru mmoja akatoka kichakani. Alikuwa mkubwa, rangi ya vumbi. Alikula majani ya kichaka kwa mdomo wake uliochongoka, kama mtu achumaye mboga kwa vidole. Alitusikia, akainua kichwa, masikio yakageuka huku na huku. Kisha akarudi kichakani. Hakukaa hata dakika 10. Lakini tulipofunga ndoa, hakukuwa na faru hata mmoja hapa. Mke wangu alinishika mkono. Sikumbuki alipofanya hivyo mara ya mwisho mbele za watu.

TEMBO WA MASHINE

Mchana tulipumzika kivulini. Mwalimu mmoja alitusimulia habari za Marekani. Huko California, mwaka 1955, ulifunguliwa uwanja wa starehe uitwao Disneyland. Watu huja na jamaa zao, hulipa kiingilio na kushinda hapo kutwa. Kuna treni na vitu vingi vya kupanda. Iko pia mashua inayopita katika mto uliochimbwa na watu. Kandokando ya mto kuna tembo na viboko. Hutikisa masikio na kufungua vinywa. Lakini si wazima. Ni mashine.

Mke wangu alifikiri kidogo. "Kwa hiyo wale wanalipa kuona tembo wa mashine?"

"Ndiyo, mama."

"Na sisi tuna tembo mzima, hatuji kumwona."

Hakuna aliyemjibu.

NIKAULIZA HABARI ZA MAHINDI YANGU

Jioni tuliwaona tembo, mama na watoto, wakinywa maji bwawani. Wote walifurahi. Mimi niliona mahindi yangu. Nikamwambia askari, "Kijana wangu, hawa ni wazuri wakiwa hapa. Shambani kwangu si wazuri. Nifanye nini?"

Askari hakukasirika. Alisema, "Mzee, swali lako ni la haki. Tembo mmoja hula zaidi ya kilo 100 kwa siku." Kisha akanieleza mambo matatu.

Kwanza, tembo wakiingia shambani usiwakaribie wala usiwarushie mawe. Watu hufa kwa njia hiyo. Toa taarifa kijijini upesi, ili askari wa wanyamapori waitwe.

Pili, uharibifu ukitokea, mwone mtendaji wa kijiji mara moja ili shamba likaguliwe. Sheria ina malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa mtu aliyeumizwa au kuuawa. Si bei ya mazao yote, lakini asiyetoa taarifa hapati hata hicho.

Tatu, tumia nyuki. Jambo hili sikulijua. Huko Sagalla, Kenya, karibu na Tsavo, wakulima wametundika mizinga kuzunguka mashamba. Mizinga imeunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Tembo ana ngozi nene, lakini nyuki humuuma machoni na ndani ya mkonga. Wengi hugeuka. Haizuii kila tembo, na wakati wa ukame nyuki huweza kuhama. Lakini mkulima hulinda shamba, na tena hupata asali.

Nilikwenda mbugani na hasira. Nilirudi na jambo la kupeleka kwenye mkutano wa kijiji. Nimekwisha lipeleka. Wenzangu sita wamekubali tuanze pamoja na mizinga michache.

MAKANDE

Tulirudi Same mjini jua likizama. Tukaingia hotelini kula. Nilimwambia mke wangu, "Leo agiza unachotaka. Kuna wali, kuna kuku."

Mhudumu akaja. Mke wangu akasema, "Niletee makande."

Nikacheka hadi watu wakageuka. "Mama, umekimbia makande nyumbani, unakuja kuyanunua mjini?"

"Nilikimbia kupika," akasema. "Sikukimbia kula."

Alikula polepole. Alipomaliza, alisukuma sahani mbele, akaiangalia. Mtu mwingine akaja kuichukua. Nadhani hiyo ndiyo zawadi aliyoitaka tangu mwanzo.

Tumekubaliana kuwa kila mwaka tutakuwa na siku moja ya namna hii. Ikiwa hakuna fedha, tutakaa nyumbani, na mimi nitapika. Ameniambia nianze kujifunza sasa.

Ndugu msomaji, ukitaka kwenda Mkomazi, changieni gari na wenzako ili gharama ipungue. Ulizeni mapema kiingilio na namna ya kulipa. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa kutoka nje. Chukueni maji ya kunywa. Msishuke garini bila ruhusa, wala msitupe taka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chenu, siku ya sherehe nani hupumzika na nani hufanya kazi?

2. Ni mahali gani karibu nanyi ambapo wageni huja kutoka mbali, lakini ninyi wenyewe hamjafika?

3. Je, wanyama huharibu mazao yenu? Mmefanya nini kwa pamoja?