Kwa nini gemu nzuri hukosa wachezaji?

Kila siku, kwa wastani, gemu mpya zipatazo 50 huingia kwenye Steam, duka kubwa la mtandaoni la gemu za kompyuta. Mwaka 2024 pekee ziliingia zaidi ya 18,000. Nyingi kati ya hizo hazipati hata maoni 10 ya wanunuzi. Si kwamba zote ni mbovu. Nyingine zimetengenezwa kwa miaka miwili au mitatu na mtu mmoja, usiku baada ya kazi, na siku ya kuzinduliwa zikapita kimya kama basi lisilosimama kituoni.

Suala hili linawahusu pia vijana wa huku kwetu. Mtu anayejifunza kuandika programu kwa simu au kwa kompyuta ya kuazima, akitarajia kwamba gemu yake itampa kipato, anapaswa kujua kwamba kuitengeneza ni nusu tu ya safari. Nusu ya pili ni kutafuta wachezaji, na hapo ndipo wengi huishia.

Mlango wenyewe si ghali sana. Google Play hutoza dola 25 mara moja tu kufungua akaunti ya mtengenezaji. Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Steam hutoza dola 100 kwa kila gemu, na huzirudisha gemu ikifikisha mauzo ya dola 1,000. Gemu ikianza kuuza, Steam hukata asilimia 30. Kwa kuwa mlango uko wazi hivyo, kila mtu anaingia, na ndani hapaonekani mtu.

Hebu tumwangalie mtu mmoja aliyepenya. Lual Mayen alizaliwa wakati familia yake ikikimbia vita iliyokuwa ikiendelea katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Kambini hapakuwa na umeme wa kuichaji, hivyo alitembea saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu inayoitwa Salaam, ambayo mchezaji wake hashindi kwa kuua bali kwa kuokoa maisha.

Gemu hiyo alianza kuigawa kwa Bluetooth, simu kwa simu, palepale kambini. Baadaye akaweka kiungo chake kwenye Facebook. Watu wa nje wakaiona, mialiko ikaanza kuja, na mwaka 2018 akatambuliwa katika tuzo za The Game Awards nchini Marekani. Leo ana kampuni yake, Junub Games, huko Washington.

Wengi husimulia kisa hiki kama habari ya bidii, na bidii ipo. Lakini kwa upande wa biashara kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana. Mayen hakuuza gemu tu. Alikuwa na habari ambayo mwandishi yeyote angeweza kuieleza kwa sentensi moja: mkimbizi aliyetengeneza gemu ya amani. Mtengenezaji mwenye gemu ya kulinganisha matunda ya rangi moja hana sentensi hiyo, hata kama gemu yake inachezeka vizuri kuliko nyingine zote. Wakameruni wa Kiro'o Games, waliotoa Aurion mwaka 2016, nao walikuwa nayo: hadithi ya kishujaa yenye mizizi ya Kiafrika, iliyotengenezwa Yaoundé huku umeme ukikatika. Kabla ya kuitoa waliomba michango ya watu mtandaoni na kukusanya zaidi ya euro 40,000. Michango hiyo ilikuwa pesa, lakini pia ilikuwa matangazo, kwa sababu aliyechangia huisubiri gemu na kuwaambia wenzake.

Kusubiriwa huko ndiko watengenezaji wanakokupigania siku hizi. Kwenye Steam kuna kitufe ambacho mtu hubonyeza kuonyesha kwamba anaitaka gemu ambayo bado haijatoka. Ikitoka, Steam humtumia barua pepe. Mtengenezaji aliyeweka ukurasa wa gemu yake mwaka mzima mapema anaweza kufika siku ya uzinduzi akiwa na maelfu ya watu wanaosubiri. Aliyeuweka wiki moja kabla hufika mikono mitupu. Duka pia hutazama mauzo ya siku za mwanzo: gemu inayouza husogezwa mbele, isiyouza hurudishwa nyuma, na ikisharudi nyuma ni vigumu sana kuitoa huko. Mara tatu kwa mwaka Steam huandaa tamasha la wiki moja ambapo watu hucheza bure vipande vya gemu zijazo. Kila gemu inaruhusiwa kushiriki mara moja tu, kwa hiyo anayekimbilia kushiriki na kipande kibovu ameichoma nafasi yake.

Kwenye simu hali ni ngumu zaidi. Gemu nyingi za simu ni za bure na hutegemea matangazo. Tuseme mchezaji mmoja, tangu aanze hadi aichoke, anamletea mwenye gemu shilingi 50. Ikiwa kumpata mchezaji huyo kwa tangazo la kulipia kunagharimu shilingi 80, kila mchezaji mpya ni hasara ya shilingi 30. Kampuni kubwa zina watu wa kupiga hesabu hizo kila saa, na gemu zao huwafanya wachezaji wachache watumie pesa nyingi. Kijana peke yake hawezi kushindana nao kwa kununua matangazo, na kwa maoni yangu asijaribu.

Kinachobaki ni kuonyesha kazi yako bila malipo: video fupi za TikTok, makundi ya WhatsApp, shule, na hasa watu wanaocheza gemu mubashara mbele ya wafuasi wao. Among Us ilitoka mwaka 2018, ikitengenezwa na watu watatu nchini Marekani, na kwa muda mrefu ilichezwa na wachache tu. Mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, wacheza gemu maarufu mtandaoni waliichukua, na ndani ya miezi michache ikawa inachezwa na mamilioni. Ila tusidanganyane. Kwa kila Among Us kuna maelfu zilizosubiri na hazikuchukuliwa na mtu. Kilichoisaidia ni kwamba wenyewe hawakuwa wameitelekeza, hivyo bahati ilipofika iliwakuta.

Penye njaa ya kujulikana matapeli hawakosi. Mtengenezaji mpya hupokea ujumbe kutoka kwa mtu anayedai kuwa mchambuzi wa gemu, akiomba nakala tano au 10 za bure. Nakala hizo huuzwa mahali pengine. Wapo pia wanaouza "watu 10,000 watakaopakua gemu yako." Watu hao ni programu za kompyuta tu, Google hupiga marufuku mchezo huo, na gemu inaweza kuondolewa kabisa dukani. Anayeomba nakala mwambie akuandikie kutoka anwani ya barua pepe iliyowekwa kwenye ukurasa wake halisi. Wengi hutoweka hapo.

Kuna mambo ambayo mtengenezaji wa Afrika Mashariki anayafahamu kuliko yule wa Marekani. Msikilizaji wetu wa kijijini hupima gemu kwa MB kabla ya kuipima kwa uzuri, kwa sababu bando ni pesa. Gemu ya MB 30 inayocheza bila intaneti inasambaa kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu, kama Salaam ilivyoanza. Tatizo ni kwamba ikisambaa hivyo duka haliihesabu, na bila data matangazo hayafunguki, kwa hiyo mwenyewe hapati kitu. Umaarufu unakuja bila pesa. Njia moja inayotafutwa ni kulipa kidogo kidogo kwa pesa za simu badala ya kadi ya benki, na hilo ni moja ya mambo yaliyozikutanisha studio 10 za Afrika zilizounda Pan Africa Gaming Group mwaka 2022.

Anayefungua leo akaunti mpya ya mtu binafsi Google Play atakutana na sharti jingine: lazima apate watu 12 watakaoijaribu gemu kwa siku 14 mfululizo kabla haijaruhusiwa kutoka. Wengi hulalamikia sharti hili. Lakini asiyeweza kuwapata watu 12 mtaani kwake, kanisani, msikitini au kwenye timu ya mpira, wa kuicheza gemu yake kwa wiki mbili, tayari amejua kitu kuhusu gemu hiyo, na amekijua kwa dola 25 tu.