Kitufe si Picha, Jamani!

Vijana wenzangu mnaoandika programu, leo tuambizane ukweli. Kuanzia Mabibo mpaka Kariakoo nakutana na programu za madukani na mashuleni ambazo kila kitufe kimechorwa upya: kona za mviringo, kivuli, rangi za nembo ya mteja. Mteja anafurahi, fundi analipwa. Halafu mtumiaji anaachiwa picha.

Ndiyo, picha. Windows inakupa kitufe kilichokamilika: kina jina, kinajua kama kimebonyezwa, unakifikia kwa Tab bila kugusa kipanya. Ukichora mstatili wako kwenye dirisha tupu na kusubiri kipanya kibonyezwe juu yake, vyote hivyo vinapotea. NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, ikifika hapo inakosa cha kusoma. Sasa mwanafunzi asiyeona anayekaa Hosteli ya Mabibo akihitimu, akapata kazi kwenye ofisi yenye programu yako, utamwambia nini? Kwamba kivuli kilipendeza?

Na Kiswahili je? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice. Watafsiri hawakulazimika kuchora vitufe upya, maana maneno yalitengwa na msimbo. Ninyi mnayagandisha maneno ndani ya picha! "Save" ina herufi 4, "Hifadhi" ina 7. "Print" 5, "Chapisha" 8. Upana umeupima kwa Kiingereza, basi mteja akiomba Kiswahili anapata "Hifa", au anaambiwa haiwezekani. Kuna duka moja la dawa (silitaji) muuzaji amebandika karatasi pembeni ya skrini inayoeleza kitufe kipi kinafanya nini. Karatasi!

Msinielewe vibaya, sisemi msichore. Windows yenyewe inaruhusu kitufe chake kikuachie wewe kazi ya kukichora, huku kikibaki kitufe. Kwenye Java unarithi JButton, unabadili paintComponent, basi. Ila ukishachukua kazi hiyo, imalize: chora na ile alama inayoonyesha umefika kwenye kitufe kipi kwa Tab (wengi mnaisahau, keshia anabonyeza kwa kubahatisha), na ziheshimu rangi alizochagua mwenye macho hafifu kwenye mipangilio ya kompyuta yake. Mnampakia nyeupe yenu juu ya nyeusi aliyoihitaji ili aone!

Mtasema wateja wanataka urembo. Sawa, lakini mteja hajui kilichopotea nyuma ya huo urembo, na fundi ni wewe. Kabla hujampelekea programu, chomoa kipanya, kaa chini, fanya mauzo mamoja tu kwa kibodi, kuanzia kuchagua bidhaa mpaka kutoa risiti. Ukikwama njiani, hela yake usiichukue kwanza.