Ruzuku ya Kilimo: Usingoje Kuitwa, Ulizia Karatasi



Niliwahi kuwa mweka hazina wa kikundi cha wakulima huku bara ya Pwani. Tulikuwa watu kumi na saba, wengi kina mama, vijana tukihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Tuliandika ombi la tangi la maji na mipira ya kumwagilia kwa matone, maana mvua siku hizi ni ya kubahatisha na mahindi yanakauka yakishatoa tu mbelewele. Tukangoja miezi. Siku moja lori likaja na vifaranga. Wallahi, vifaranga! Tukaambiwa wodi yetu imepangiwa kuku. Tukapiga picha, tukacheka, tukatia sahihi. Chakula cha kuku kilipokwisha hatukuwa na pesa ya kununua kingine, kisha kideri kikapita, ikawa basi. Kwenye ripoti ya mfadhili nadhani mpaka leo sisi ni kikundi kilichofaidika.

Sahihi ya kupokea niliitia mimi, na sikuuliza swali hata moja. Niliona haya. Tumelelewa kwamba ukipewa unashukuru, huanzi kukagua zawadi mbele ya mgeni.

Lakini hebu tazama pesa kubwa za kilimo zilizopita kwetu ni pesa za nani. Mradi wa NARIGP, ulioidhinishwa 2016, ulikuwa wa dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia, na Kwale na Kilifi zilikuwa kati ya kaunti zake 21. Mwaka uliofuata ukaja ule wa kilimo cha kuhimili tabianchi, KCSAP, dola milioni 250, na humo zilikuwamo Lamu, Tana River, Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo na Marsabit. Kikundi kikipata, kwake ni ruzuku, hakirudishi kitu. Kwa nchi ni mkopo. Utalipwa na wewe, na mtoto wako, kila mkitia mafuta kwenye boda. Sasa hapo mheshimiwa akisimama jukwaani akasema "nimewaletea", amekuletea nini ndugu yangu? Amekuletea deni lako mwenyewe likiwa limevishwa utepe.

Na kilimo endelevu ndicho kinachohitaji ruzuku kuliko kilimo kingine chochote. Ukinunua mbolea ya dukani, msimu huu huu unaona kitu. Ukichimba mashimo ya zai, ukapanda miti ya kurutubisha udongo, ukapumzisha shamba, huenda mwaka wa kwanza mavuno yakashuka kabla ya kupanda. Nani atakulisha mwaka huo? Benki haitakungoja, na mkopo wenye riba wengi wetu hatuugusi. Ruzuku kazi yake ni hiyo, kubeba hasara ya kujaribu. Ndiyo maana inauma ikigeuzwa vifaranga vya picha.

Kwa habari ya riba, kuna jambo vijana wengi wanalipita. Mradi mkubwa uliofuata, NAVCDP wa 2022, umeelekeza sehemu ya fedha kwenye sacco za wakulima za wodi, ambazo zinawakopesha wanachama. Nimesikia vijana wetu wakisema, basi hiyo si yetu, ina riba. Wanakaa nje. Lakini sacco ni ya wanachama na kanuni zake hupigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Ukiwa ndani unaweza kupendekeza sacco inunue pampu kisha ikuuzie kwa bei mliyokubaliana, badala ya kukupa pesa inayozaa. Undani wa kifiqhi waulize wenye elimu, mimi si mmoja wao. Ninachojua ni kwamba aliyekaa nje hakupiga kura.

Tuje kwenye karatasi, maana hapo ndipo wetu wengi huangukia.

Kikundi lazima kisajiliwe. Kwa sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi vya jamii mnatakiwa mwe angalau watu kumi, na mnaanzia ofisi ya maendeleo ya jamii. Usajili na akaunti ya benki vinataka kitambulisho. Hapa unaona namna haki moja inavyoishika nyingine mkono: kijana wa Garissa aliyezungushwa miaka kwa sababu ya vetting hakukosa kura peke yake, alikosa pia kuwa mwanakikundi. Februari 2025 Rais alitia sahihi kule Wajir kuifuta hiyo vetting. Kama bado unazungushwa ofisini, hilo ni la kuripoti, si la kuvumilia.

Halafu ardhi. Fomu itakuuliza shamba ni la nani. Ukanda wa Pwani una watu waliozaliwa, wakazeeka, wakazikwa kwenye ardhi ambayo karatasi zake ni za mtu mwingine, tangu sheria ya hati ya 1908. Mzee wa namna hiyo ukimwambia apande mti utakaomfaa miaka kumi ijayo atakuangalia tu. Anajua anaweza kuamka kesho akakuta tingatinga. Wafadhili wakiandika kwamba wakulima wa Pwani hawapendi kupanda miti, wamulize kwanza mwenye hati ni nani. Hili la ardhi ruzuku haiwezi kulitibu, na asikudanganye mtu.

Lile linalowezekana wiki hii ni kuuliza. Mpango wa tabianchi wa FLLoCA unashusha pesa mpaka wodini, na kuna kamati za wodi za kuamua vipaumbele, zenye nafasi ya vijana. Nani anakalia nafasi hiyo kwenu? Unamjua? Alichaguliwa mkutano gani?

Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya 2016 ya kupata habari vinakupa haki ya kuuliza ofisi ya umma bila kueleza unatakia nini. Barua unaweza kuiandika kwa Kiswahili. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, yule Ombudsman. Andika mambo machache yaliyo wazi: orodha ya vikundi vilivyopata ruzuku wodini mwenu, kila kimoja kiliomba nini, kilipewa nini, kwa shilingi ngapi, na nani aliuza vitu hivyo. Sisi tungeiandika barua ile, tungejua ombi letu la tangi lilifia meza gani.

Chapisha nakala mbili. Moja waachie, na usiondoke pale kaunta mpaka ile yako ipigwe muhuri wa kupokewa wenye tarehe.