Mchunga nimeujua ukubwani

Mhariri,

Nina miaka 46, na ni masika haya tu ndipo nilipojifunza kuchuma mboga za porini. Shangazi yangu wa Handeni alinionyesha mchunga: ukivunja bua hutoka utomvu mweupe, lakini utomvu peke yake hautoshi, sharti utazame na jani. Huchemshwa, maji machungu yakamwagwa, ndipo likatiwa tui la nazi. Kwenye uyoga alikuwa mkali kweli: usioujua usiuguse, maana upo wenye sumu isiyokwisha hata ukichemshwa kutwa.

Naumia nikisikia mboga hizi zikiitwa magugu. Naomba shule zetu ziwaalike bibi zetu wafundishe huko mashambani, tena walipwe kama walimu wengine.

Msomaji wako,
Tanga