Mechi iliyokwisha kabla ya kipenga

Michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, ikianza, si ajabu Ipinda au Matema, wilayani Kyela, kukuta timu moja ina magoli manane wakati wa mapumziko na nyingine haijavuka mstari wa kati. Kipa wa miaka kumi na moja anaokota mpira wavuni huku watazamaji wakicheka. Refa afanye nini?

Wapo wanaomaliza mpira kabla ya muda kwa uamuzi wao tu, na wapo wanaotoa penalti ya huruma. Tunapinga yote mawili. Mtoto anaijua penalti ya bure. Inamuumiza kuliko goli la tisa.

Besiboli imelitazama jambo hili mapema. Katika Little League ya Marekani, timu ya watoto ikiongoza kwa pointi 10 baada ya awamu 4, mchezo huisha. Kanuni imeandikwa; haitegemei moyo wa mwamuzi. Soka haina kanuni hiyo, lakini sheria zake zinaruhusu mechi za vijana kufupishwa na mchezaji aliyebadilishwa kurudi uwanjani. Waandaaji wa Kyela wakae na walimu kabla ya mashindano, wakubaliane: pengo likifika magoli mangapi wa akiba waingie, na kila kipindi kiwe cha dakika ngapi.

Refa abaki na yake: faulo ni faulo, kuotea ni kuotea, asiongeze dakika ambazo hazikupotea. Na kejeli za benchi azikomeshe papo hapo, kwa kuwa hizo ndizo zinazomrudisha yule kipa nyumbani akiapa kutocheza tena.