Mistari Michache ya Msimbo na Amana ya Mteja

Biashara ya mtandaoni imekwisha kuingia majumbani mwetu. Mama auzaye mabaibui na mitandio, kijana auzaye tende na udi, binti apambaye maharusi na kuuza hina na vifaa vyake, wengi wao walianza kwa kupiga picha na kuzituma kwa WhatsApp. Wateja walipoongezeka, wakahitaji duka kamili lenye rafu, kikapu na mahali pa kulipia. Na duka likisha kusimama hujitokeza haja ya pili, nayo ni kulifanya limfae mwenyewe na wateja wake. Hapo ndipo vinapoingia vipande vya msimbo, yaani mistari michache ya maagizo ambayo mwenye duka huinakili mahali na kuibandika katika duka lake ili kubadili jambo moja au mawili.

Juma hili tumeona tuvizungumzie vipande hivyo, kwa kuwa vina manufaa makubwa, na kwa kuwa mteja hana njia ya kuviona. Yeye huona kitufe, bei na fomu. Kinachotendeka nyuma yake humwachia muuzaji. Hiyo ni amana, na mwenye kuibeba yampasa ajue amebeba nini.

Tuchukue mfano wa WooCommerce, programu inayotumiwa na maduka mengi madogo duniani. Ilitolewa mwaka 2011 na WooThemes, kampuni iliyokuwa na makao yake Cape Town, Afrika Kusini, na mwaka 2015 ikanunuliwa na kampuni ya Automattic ya Marekani. Inafanya kazi juu ya WordPress, programu ya kuundia tovuti iliyoanza mwaka 2003. Duka la namna hii ni kama baibui lililoshonwa tayari: limekatwa kwa kipimo cha watu wote, basi kwa mmoja litakuwa refu na kwa mwingine mikono itapwaya. Mwenye busara halitupi. Hulipeleka kwa fundi cherehani akapunguza pindo. Kipande cha msimbo ndio mkasi na sindano ya fundi huyo.

Watengenezaji wa WordPress walilijua hilo tangu mwanzo, wakaacha ndani ya programu yao sehemu maalumu ambazo sisi tutaziita kulabu. Kulabu ni mahali palipoandaliwa ili mtu atundike agizo lake pasi na kubomoa ukuta. Ukitundika, programu ikifika hapo husoma agizo lako kwanza, kisha ikaendelea na safari yake.

Tuutazame mfano ulio karibu nasi. Fomu ya malipo huweza kumtaka mteja aandike postikodi. Tanzania tunao mfumo wa postikodi zenye tarakimu 5, lakini wako wateja wasioijua ya kata yao. Wajualo ni kwamba nyumba iko nyuma ya msikiti, mkabala na duka la dawa. Mteja wa namna hiyo akikwama kwenye kisanduku kimoja, huenda akaliacha kapu lake na kuondoka. Mistari hii mitano hukiondoa kisanduku hicho:

add_filter( 'woocommerce_checkout_fields', 'duka_ondoa_postikodi' );
function duka_ondoa_postikodi( $fields ) {
    unset( $fields['billing']['billing_postcode'] );
    return $fields;
}

Msomaji asiyepata kuona msimbo asiogope, tutausoma pamoja. Mstari wa kwanza unaitaja kulabu ya visanduku vya fomu ya malipo, na kuagiza kwamba fomu kabla ya kuonyeshwa ipitishwe kwanza kwenye kazi tuliyoipa jina la duka_ondoa_postikodi. Mstari wa pili unaianza kazi hiyo na kuipokea orodha ya visanduku vyote. Wa tatu unakitoa kisanduku cha postikodi katika orodha. Wa nne unairudisha orodha iliyobaki kwa mwenyewe, na mabano ya mwisho yanaifunga kazi.

Huo mstari wa nne tunaomba utiliwe maanani. Anayeusahau huwa ameazima kapu zima la visanduku kisha akarudisha mkono mtupu, na fomu ya malipo huharibika. Tena iwapo duka lako linaruhusu anwani ya pili ya kupelekewa mzigo, anwani hiyo nayo ina kisanduku chake cha postikodi, na itakubidi ukitaje kando.

Kwa njia ya namna hii muuzaji aweza kubadili maneno ya kitufe yakawa “Tia kapuni”, aweza kuweka kisanduku cha kuandika alama ya karibu na nyumba, na aweza kuonyesha chini ya bidhaa siku ambazo mzigo hupelekwa Mbagala na siku ambazo hupelekwa Bunju. Hayo yote ni ya kumrahisishia mteja, na ndiyo makusudio mema ya vipande hivi.

Hata hivyo, kabla ya kutafuta msimbo, tafuta kwanza kwenye mipangilio ya duka lenyewe. Bei zetu za shilingi hazihitaji senti mbili baada ya nukta, na wako wanaohangaika kutafuta msimbo wa kuziondoa, ilhali katika mipangilio ya WooCommerce mna mahali pa kuandika sifuri tu na kazi ikaisha. Pindo linaloweza kukunjwa kwa mkono halihitaji mkasi.

Vilevile angalia duka lako ni la zama gani. Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2023, maduka mapya ya WooCommerce hupewa ukurasa wa malipo uliojengwa kwa utaratibu mpya wa vitalu, na kulabu nyingi za zamani, pamoja na hiyo tuliyoitaja, hazina nguvu humo. Mtu hubandika, haoni badiliko, akabandika tena kwingine, hadi duka likajaa vipande visivyofanya lolote. Basi kila msimbo unaouona, uliza uliandikiwa ukurasa wa malipo wa namna gani.

Sasa tuseme juu ya mahali pa kuubandika. Wengi huuweka katika faili iitwayo functions.php ya mandhari ya duka, yaani lile vazi linalolipa duka rangi na sura. Tatizo ni kwamba mandhari ikisasishwa, faili hiyo huandikwa upya na kazi yako yote hufutika. Njia iliyo salama ni kuunda mandhari mtoto, inayorithi sura ya mama yake na kubaki na faili zake yenyewe, au kutumia plagini maalumu ya kuhifadhia vipande vya msimbo, ambamo kila kipande huwa na jina lake na swichi yake ya kuwasha na kuzima.

Kabla ya kubandika, chukua nakala ya akiba ya duka zima. Ukiweza, jaribu kwanza kwenye nakala ya duka isiyoonekana na wateja. Badili jambo moja kwa wakati mmoja, kisha ununue kitu mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, kwa simu, kama anunuavyo mteja. Nukta-mkato moja iliyokosekana yaweza kulifanya duka zima lisifunguke. WordPress tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019 humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia ili akarekebishe, lakini barua hiyo humfaa aliyeandikisha anwani anayoifungua. Aidha, andika kwenye daftari tarehe, kipande ulichoweka na sababu yake. Kijana aliyekusaidia leo huenda mwakani akawa masomoni, na daftari litabaki.

Hayo ni ya ufundi. Lililo zito zaidi ni hili lifuatalo.

Mkasi ule ule unaopunguza pindo waweza kukata mfuko wa mtu. Kuna vipande vya msimbo vinavyouzwa na kusifiwa kuwa vinaongeza mauzo, na kazi yake ni kumwonyesha mteja lisilokuwapo. Kimoja huweka saa inayohesabu kurudi nyuma, kwamba bei hii itakwisha baada ya dakika kumi. Mteja akifunga ukurasa na kuufungua tena, saa huanza upya. Kingine huandika “Zimebaki 3 tu” hali ghala limejaa. Cha tatu husema watu 17 wanaitazama bidhaa hii sasa hivi, na hiyo 17 imeokotwa na kompyuta kwa bahati nasibu. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Princeton na wenzao wa Chicago walichunguza takriban tovuti 11,000 za maduka, wakakuta mifano 1,818 ya mbinu za kumsukuma mnunuzi afanye asilolikusudia. Na katika baadhi ya tovuti walikuta ndani ya msimbo maagizo ya kutunga nambari hizo.

Waliosoma fikihi ya biashara hawatalistaajabia jambo hili, kwani jina lake ni la kale. Anayejitia kutaka bidhaa asiyokusudia kuinunua, ili tu mwingine aione ina wagombezi, kitendo chake huitwa najshi, nacho kimekatazwa. Tofauti ni kwamba zamani ilihitajika kumpanga mtu asimame mnadani, na leo mistari sita ya msimbo hufanya kazi ya watu 17, usiku na mchana, pasi na kudai ujira. Katika nchi za Umoja wa Ulaya pia, sheria ya mwaka 2005 inayowalinda wanunuzi imekataza kudai kwa uongo kwamba bidhaa itapatikana kwa muda mfupi sana ili mtu aamue kwa haraka.

Si lazima msimbo useme uongo wa wazi. Upo mtindo wa kuficha kitu kwa CSS, lugha inayopanga sura ya ukurasa. Maneno mawili, display: none, huondoa machoni mstari wowote. Ukificha picha iliyorudiwa mara mbili, umefanya usafi. Ukificha mstari wa gharama ya usafirishaji hadi mteja afike hatua ya mwisho, umefunika nafaka mbichi kwa nafaka kavu. Tena kilichofichwa kwa njia hiyo hakijaondoka. Kimo ndani ya ukurasa, na mjuzi yeyote aweza kukisoma.

Liko na la tatu, la hatari kwa muuzaji na mnunuzi pamoja. Kipande cha msimbo kutoka kwa usiyemjua chaweza kuwa mwizi. Mwaka 2018 wahalifu walipenya katika mfumo wa shirika la ndege la British Airways na kuchomeka mistari 22 tu ya msimbo katika tovuti yake. Mistari hiyo ilikuwa ikinakili taarifa za kadi ambazo abiria waliandika katika fomu ya malipo na kuzipeleka kwingine. Kazi hiyo iliendelea kwa takriban wiki mbili, na ukurasa ulionekana kama ulivyokuwa siku zote. Waliofikwa walizidi watu 400,000, na mwaka 2020 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza ikalitoza shirika hilo faini ya pauni milioni 20. Ikiwa shirika lenye idara nzima ya mafundi halikuutambua msimbo huo hadi likaambiwa na wengine, duka la familia litautambua kwa nini, kama si kwa kusoma kabla ya kubandika?

Kwa hiyo tunashauri kila familia yenye duka iwe na maswali manne, na kipande kisichopata majibu kisiingie. Kwanza, ninaweza kueleza kwa Kiswahili changu kila mstari unafanya nini? Msimbo wenye herufi nyingi zilizofungamana zisizosomeka, au wenye maneno eval na base64_decode, huenda unaficha jambo. Uache hadi mjuzi umwaminiye ausome. Pili, je, unapeleka taarifa yoyote kwenye anwani ya tovuti nisiyoijua? Tatu, je, unamwomba mteja jambo asilopaswa kuniambia? Namba ya siri ya pesa za simu huandikwa na mteja kwenye simu yake mwenyewe. Hakuna kisanduku halali dukani kwako cha kuiandika. Nne, lau mteja angekuwa amekaa kando yangu akiniona naubandika, ningeona haya?

Swali hilo la nne halihitaji ujuzi wa kompyuta, na mama asiyejua mstari mmoja wa msimbo aweza kumwuliza kijana wake. Tumeona wazazi wengi wakiliacha duka lote mikononi mwa watoto kwa kudhani kwamba mambo haya si ya kwao. Kijana ajue nukta-mkato, nawe mzazi ujue haki ya mnunuzi. Mkikaa pamoja mbele ya kioo kimoja, duka litakuwa limekamilika. Na manenosiri yabaki kwa mwenye duka, fundi apewe njia yake ya kuingilia, naye akimaliza kazi ifungwe.

Mteja wa mtandaoni hagusi kitambaa, hanusi udi, wala haonji tende. Anachonunua kwanza ni maneno ya muuzaji. Basi kila mstari tunaouongeza nyuma ya maneno hayo na uwe ni mstari tunaoweza kumsomea.

Wabillahi tawfiq.