Bima ya Nyumba Ifike Majanji

Mei 2020 Ziwa Viktoria lilivuka rekodi ya mwaka 1964 kwenye kipimo cha Jinja. Mialo mingi ya Uganda ilifunikwa na maji, na kwa familia nyingi fidia pekee ilikuwa mchango wa majirani.

Huko Florida wenye nyumba wanalia kwamba ada za bima zinapanda kila baada ya kimbunga. Majanji, mwalo wa Wilaya ya Busia nchini Uganda, hakuna hata ada ya kulalamikia. Mvuvi wa mukene (dagaa) hupata fedha usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mtumbwi hulala. Hawezi kulipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, na nyumba yake ya udongo na mabati haimvutii wakala yeyote.

Tangu 2016 Serikali ya Uganda humlipia mkulima sehemu ya ada ya bima ya mazao na mifugo. Tunataka nyumba za mwaloni ziingizwe katika mpango huo, ada ikusanywe kidogo kidogo kupitia vikundi vya akiba, na fidia itoke mara ziwa linapofika alama iliyokubaliwa, bila kumsubiri mkaguzi.

Lipo tatizo zito zaidi. Kanuni za mazingira zinalinda eneo la mita 200 kutoka ufukweni, na anayeishi ndani yake huenda asipate bima. Kumwambia ahame bila kumwonyesha kiwanja ni kumtelekeza. Wilaya ya Busia itenge ardhi kwanza, kabla ya mvua za Machi.